Besiboli katika chuo cha miaka miwili: kijana anapata nini na anatoa nini

Tarehe 18 Desemba 2024, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Nashville, jimbo la Tennessee, aliizuia NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, isimnyime Diego Pavia msimu mmoja zaidi wa kucheza. Pavia hakuwa mchezaji wa besiboli. Alikuwa nahodha wa mashambulizi wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Lakini hoja yake iligusa kila mchezo wa vyuoni Marekani: alidai kwamba misimu aliyocheza katika chuo kidogo cha miaka miwili kule New Mexico isikatwe kwenye misimu aliyoruhusiwa kucheza chuo kikuu. Baada ya amri hiyo, NCAA ilitoa msamaha wa mwaka mmoja, kwa msimu wa 2025-26, kwa wachezaji waliokuwa katika hali kama yake.

Habari ilisafiri, na kama kawaida ya habari zinazosafiri, ilifika ikiwa imebadilika. Sasa utamsikia mzazi akisema kwa uhakika kabisa kwamba miaka ya JUCO, yaani vyuo hivyo vya miaka miwili, “haihesabiwi tena,” hivyo kijana aende akacheze miwili kule, kisha minne mbele. Mwingine anasema JUCO ni ya waliofeli na mtoto wake hatakanyaga. Wa tatu amesikia kuwa ni bure. Wote watatu wanaweza kumwelekeza mtoto vibaya, na kwa familia zetu zilizohamia Marekani, ambazo mara nyingi hazikukulia katika mfumo huu, gharama ya kuelekezwa vibaya ni miaka ambayo hairudi.

Tuanze na majina. JUCO ni kifupi ambacho wachezaji na makocha hutumia kwa chuo cha miaka miwili, ambacho pia huitwa chuo cha jamii. Ni chuo cha kweli chenye walimu, mitihani na vyeti. Cha umma kilichotangulia vyote vilivyopo hadi leo ni cha Joliet, Illinois, kilichoanzishwa 1901. Mwanafunzi akimaliza hupata shahada ya miaka miwili, ngazi inayokaribiana na stashahada yetu, na anaweza kuhamia chuo kikuu cha miaka minne kukamilisha shahada ya kwanza. Michezo ya vyuo hivi katika sehemu kubwa ya nchi inasimamiwa na chama kinachoitwa NJCAA, kilichoanzishwa 1938. California ina chama chake, CCCAA, na majimbo ya kaskazini magharibi yana chao, NWAC. NCAA ni chama kingine kabisa: hicho kinasimamia vyuo vikuu vya miaka minne, na ndicho kinachohesabu misimu ya kijana akishahama.

Hapo kwenye kuhesabu ndipo penye fundo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwa kanuni ya NCAA ya Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu kabisa, ambayo kesi ya Pavia iliikuta, saa huanza kukimbia siku kijana anapojiandikisha kwa masomo ya muda wote katika chuo chochote, kiwe cha miaka miwili au minne. Tangu siku hiyo ana miaka mitano ya kalenda, na ndani yake anaruhusiwa misimu minne ya mashindano. Msimu mmoja JUCO ni msimu mmoja. Miwili JUCO inaacha miwili mbele. Akiumia au akiwekwa pembeni mwaka mzima bila kucheza, kalenda haimsubiri; anachofanya ni kuutumia ule mwaka wa tano.

Amri ya Pavia haikuifuta kanuni hii. Ilimlinda mlalamikaji mmoja, na msamaha uliofuata ulikuwa na tarehe ya mwisho. Wanamichezo wengine wamekwenda mahakamani baadaye, na majaji wa maeneo mbalimbali hawakuamua sawa. Huenda sheria ikabadilika kabisa mtoto wako akiwa bado chuoni. Lakini kupanga maisha ya kijana wa miaka 18 kwa kutegemea hukumu ambayo haijaandikwa ni kumwekea dau ambalo hakuliomba. Panga kana kwamba kila msimu unahesabiwa. Ukija kusamehewa, umepata ziada.

Ukishalielewa hilo, swali lenyewe, aende JUCO au asiende, linabadilika sura. Wengi hulichukulia kama suala la hadhi, chuo kikubwa dhidi ya chuo kidogo. Mimi naliona ni suala la matumizi: kijana ana misimu minne tu, je, msimu wa kwanza na wa pili ataitumia wapi akiwa uwanjani, si benchini?

Mambo ya hivi karibuni yamelifanya swali hili liwe kali zaidi. Zamani timu ya besiboli ya Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa ufadhili wa masomo 11.7 tu, ukakatwakatwa vipande na kugawiwa wachezaji wengi. Ndiyo maana wanaopata ufadhili kamili katika besiboli wamekuwa wachache mno ukilinganisha na futiboli. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi iitwayo House, na vyuo vilivyojiunga nayo vikaondolewa kikomo cha ufadhili lakini vikawekewa kikomo cha idadi ya wachezaji: 34 katika besiboli. Wakati huohuo wachezaji wa vyuo vikuu wanaweza kuhama kupitia lango la uhamisho bila kulazimika kukaa nje mwaka mzima kama zamani, mradi masomo yao yako sawa.

Jiweke kwenye kiti cha kocha. Ana nafasi 34. Mbele yake kuna mrushaji wa miaka 18 anayeahidi, na mwingine wa miaka 22 ambaye ameshatupa mipira mbele ya wapigaji wa vyuo vikuu kwa misimu mitatu. Ajira ya kocha inategemea ushindi wa mwaka huu. Atamchukua nani? Kijana wa sekondari hajawa dhaifu kuliko waliomtangulia. Foleni ndiyo imejaa watu wazima. Basi ile ahadi kutoka chuo chenye jina, njoo ujilipie mwenyewe, tutakuangalia, inaweza kumaanisha miaka miwili ya kubeba vifaa. Katika JUCO nzuri, kijana huyohuyo anaweza kupanda kwenye kilima cha mrushaji tangu wiki za kwanza za masika, katika msimu wa michezo zaidi ya 50. Kwa mpigaji tofauti ni kubwa vilevile: jicho la kusoma mpira unaokuja kwa kasi halijengwi kwa kutazama.

Safari ya Mtwara hadi Mwanza si lazima iwe ya basi moja. Unaweza kuunganisha Dar es Salaam, na ukifika Mwanza hakuna atakayekuuliza ulipanda mabasi mangapi. Lakini anayeunganisha lazima ajue basi la pili linaondoka saa ngapi, linachukua tiketi gani, na mizigo yake itakubaliwa. Asiyejua hayo hulala stendi. JUCO ni safari ya kuunganisha, na mzigo unaokataliwa mara nyingi ni masomo.

Kijana aliyetimiza masharti ya masomo ya NCAA tangu akitoka sekondari ana njia nyepesi zaidi ya kuhama. Asiyeyatimiza kwa kawaida lazima amalize kwanza shahada ya miaka miwili. Wote wawili wanahitaji wastani wa alama, yaani GPA, usiopungua 2.5 ili wacheze mara moja katika Divisheni ya Kwanza. Wengi husikia kwamba JUCO inamtaka mchezaji afaulu tu, wakatosheka na 2.0. Kijana mwenye 2.2 anaweza kuwa nyota wa ligi yake na simu zikakatika ghafla siku kocha wa chuo kikuu anapoomba nakala ya matokeo.

Kuna sharti la pili ambalo husahaulika zaidi. Mchezaji wa Divisheni ya Kwanza akiingia mwaka wake wa tatu chuoni, lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada anayosomea. Neno la kushika hapo ni “anayosomea.” Chuo kikuu kinaweza kuzipokea krediti zake zote 60, kisha kikasema 20 kati yake hazina kazi katika shahada ya uhandisi au biashara. Zimehama, lakini hazimsaidii. Ndiyo maana mshauri wa masomo ni mtu wa kuonana naye muhula wa kwanza, akiwa na jina la fani na majina ya vyuo vikuu viwili vitatu anavyovilenga. Majimbo mengine yamerahisisha kazi hii. California ina tovuti rasmi iitwayo ASSIST, inayoonyesha somo kwa somo ni lipi la chuo cha jamii linakubaliwa na chuo kikuu kipi cha umma. Florida ina utaratibu wa miaka miwili na miwili uliopangwa tangu mwanzo.

Mzazi asilichukulie jambo hili kwa wepesi. Kati ya wanafunzi wote wanaoanza vyuo vya jamii Marekani, wanaspoti na wasio wanaspoti, takriban theluthi moja tu huhamia chuo cha miaka minne, na kama 16 kati ya 100 ndio hupata shahada ya kwanza ndani ya miaka sita. Wengi wao wanafanya kazi, wana watoto, wanasoma kwa muda wa ziada, kwa hiyo namba hizo hazimsemi mchezaji wako moja kwa moja. Zinasema kwamba kuhama hakutokei kwenyewe.

Sasa fedha, na ile dhana ya kwamba JUCO ni bure. NJCAA ina divisheni tatu. Chuo cha Divisheni ya Kwanza kinaweza kumlipia mchezaji ada, vitabu, malazi na chakula. Cha Divisheni ya Pili kinaweza kulipa ada na vitabu, lakini si malazi wala chakula. Cha Divisheni ya Tatu hakitoi ufadhili wa kimichezo kabisa. Vyuo vya California navyo havitoi. Na pale ufadhili unaporuhusiwa, “kinaweza” haina maana ya “kitatoa”; bajeti za vyuo hivi zinatofautiana sana, na barua ya kujiunga ya NJCAA hufunga mwaka mmoja wa masomo tu.

Lakini usikimbilie ufadhili kabla ya kupiga hesabu nzima. Ada ya chuo cha jamii cha umma kwa mkazi wa eneo husika ilikuwa wastani wa kama dola 4,000 kwa mwaka wa masomo 2024-25, wakati ya chuo kikuu cha umma cha miaka minne ndani ya jimbo ilikuwa kama dola 11,600. Mkazi wa California hulipa dola 46 tu kwa krediti moja, hivyo krediti 30 za mwaka mzima ni dola 1,380. Familia ya kipato cha chini yenye uraia au grinikadi inaweza kujaza fomu ya FAFSA na kupata msaada wa serikali uitwao Pell, ambao kiwango chake cha juu kwa mwaka 2025-26 ni dola 7,395. Kijana wa namna hiyo akikaa nyumbani Sacramento au San Diego, bila senti ya ufadhili wa kimichezo, Pell inaweza kulipa ada yote na kubaki na fedha za usafiri na chakula. Mwenzake aliyefuata ufadhili wa ada katika jimbo la mbali atalipa kodi ya chumba, chakula na nauli za kurudi nyumbani. Vyuo vingi vya aina hii havina mabweni. Wachezaji hukodi nyumba wanne watano na kupika wenyewe. Nimeona wazazi wakisherehekea barua ya ufadhili ambayo, ukijumlisha kila kitu, ilikuwa ghali kuliko chuo kilicho karibu na nyumba yao.

Kwa kijana anayetoka Kampala, Nairobi au Dar es Salaam hesabu ni nyingine. Atahitaji viza ya mwanafunzi ya F-1, na kabla ya kupewa na chuo fomu ya I-20 ya kuombea viza hiyo, familia lazima ionyeshe fedha za mwaka wa kwanza. Ada yake itakuwa ya mgeni, si ya mkazi, na Pell haimhusu. Kazi anayoweza kufanya kwa kawaida ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Na kuna jambo moja zito ambalo wachache hulitaja. Kijana wa nje ya Marekani na Kanada ambaye hajasoma huko anaweza kusajiliwa moja kwa moja na timu ya kulipwa, kama Dodgers walivyowasajili Waganda Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022. Akijiandikisha katika chuo cha Marekani, anaingia chini ya utaratibu wa drafti kama Mmarekani. Kwa wengi hilo si kizuizi cha kweli, maana elimu ni faida ya uhakika kuliko usajili. Lakini aliyeanza kufuatwa na maskauti alijue kabla ya kupanda ndege.

Drafti ni mchujo wa kila mwaka ambapo timu za ligi kuu ya MLB huchagua wachezaji kwa zamu. Mchezaji aliyejiunga na chuo cha miaka minne kwa kawaida husubiri amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21. Wa JUCO anaweza kuchaguliwa mwaka wowote. Ndiyo sababu Bryce Harper aliacha sekondari Las Vegas baada ya mwaka wa pili, akafanya mtihani wa GED unaosimama badala ya cheti cha sekondari, na kujiunga na College of Southern Nevada. Msimu wa 2010, akiwa na miaka 17, katika ligi iliyotumia rungu za mbao, alipiga homurani 31, mipigo inayompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote. Mwaka huohuo Washington Nationals walimchagua wa kwanza nchi nzima. Hakuwa amefeli popote. Alitafuta njia fupi ya halali. Dhana ya kwamba JUCO ni ya walioshindwa inaanguka hapo.

Albert Pujols anatufaa zaidi sisi wahamiaji. Alizaliwa Santo Domingo, akahamia Missouri akiwa kijana, akacheza msimu mmoja katika chuo cha jamii cha Maple Woods, Kansas City. Mwaka 1999 Cardinals walimchagua raundi ya 13, wa 402 kwa jumla. Alistaafu 2022 akiwa na homurani 703.

Majina haya yanatajwa sana na makocha wanaosajili, na ni ya kweli, ila yanahitaji kusomwa kwa makini. Andy Pettitte na Jorge Posada, waliokuja kuwa nguzo za Yankees, walichaguliwa 1990 katika raundi ya 22 na ya 24, wakacheza kwenye vyuo vya miaka miwili huku timu ikiendelea kuwafuatilia, kisha wakasaini 1991. Mike Piazza alitoka chuo cha jamii cha Miami akachaguliwa raundi ya 62 mwaka 1988. Tangu 2021 drafti ina raundi 20 tu. Kwa utaratibu wa leo, watatu hao wasingeitwa majina. Utaratibu wa kuchagua na kufuatilia uliomsaidia Pettitte ulikufa 2007 na kurudishwa 2022 kwa wanaochaguliwa baada ya raundi ya 10, hivyo mlango huo upo tena, lakini ni mwembamba kuliko hadithi za zamani zinavyoonyesha. Aende JUCO kwa ajili ya kukua na kuhama. Drafti ikija, ije.

Je, maskauti hawaendi huko? Wanaenda, hasa Texas, Florida na Arizona ambako hali ya hewa inaruhusu mchezo mapema. Fainali za taifa za NJCAA Divisheni ya Kwanza zimekuwa zikifanyika Grand Junction, Colorado, tangu 1959, na makocha wa vyuo vikuu huzifuatilia. Ila chuo kimoja kina bomba la wazi kuelekea vyuo vikuu, na kingine cha divisheni hiyohiyo kimekauka. Jina la divisheni halitakuambia.

Kwa hiyo kocha akipiga simu, muulize mambo yanayojibika kwa majina na namba. Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi sasa, mmoja mmoja? Wangapi walipata shahada ya miaka miwili? Vuli atawaita wachezaji wangapi, na masika watabaki wangapi? Swali hili la mwisho lina uzito, kwa sababu timu nyingine huita umati mkubwa Agosti na kuupunguza kabla ya msimu, na kijana aliyeachwa Desemba akiwa mbali na nyumbani tayari saa yake imeanza kukimbia. Nafasi yake uwanjani inachezwa na nani, na huyo anamaliza lini? Mshauri wa masomo wa timu ni nani, na tunaweza kuzungumza naye kabla ya kusaini? Kocha mzuri hatachukizwa. Atakuwa na majibu mkononi, maana waliohama salama ndio sifa yake kubwa.

Kuna vijana ambao ningewaambia wasiende. Aliyepewa ufadhili mzuri wa masomo na chuo cha miaka minne cha Divisheni ya Pili au ya Tatu ya NCAA, na kocha anayemhitaji kweli mwaka wa kwanza, hana sababu ya kuuacha ili afuate ndoto ya Divisheni ya Kwanza kwa njia ya kuunganisha. Anayetaka udaktari au fani yenye mfululizo mkali wa masomo atateseka kuhama katikati. Na ambaye kwa kweli amechoka na besiboli lakini anaona aibu kumwambia baba yake, mazoezi ya kila siku na safari ndefu za basi huko Kansas hazitamrudishia hamu.

Wengine wanaofaa kwenda ni wengi kuliko wazazi wanavyodhani: aliyekua kwa kuchelewa na ana kilo kumi za kuongeza, mrushaji aliyepoteza mwaka wa mwisho wa sekondari kwa jeraha la kiwiko, aliyehamia Marekani akiwa na miaka 16 na Kiingereza chake cha darasani bado hakijakaa sawa, ambaye alama zake hazionyeshi akili yake. Huyo wa mwisho hupata JUCO madarasa madogo na mwalimu anayemjua jina. Barua yake ikija, kaeni naye mezani mkiwa na kalenda, orodha ya masomo na hesabu ya gharama za mwaka mzima, na msisaini kabla kocha hajajibu yale maswali.